Breki ya Upande wa Abiria

Mwalimu alistaafu siku ya Ijumaa, lakini mguu wake wa kulia haukupewa taarifa.

Asubuhi mezani, mkewe akisogeza kikombe cha chai karibu na ukingo, mguu ule ulikanyaga sakafu. Mlango ukigongwa, unakanyaga. Paka akikatiza ukumbini, unakanyaga, na paka, ambaye hajawahi kusoma alama hata moja ya barabarani, anasimama na kumtazama Mwalimu kwa dharau. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa upande wa abiria katika gari la shule ya udereva, lile lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, na kazi yake yote, ukiondoa maneno, ilikuwa kukanyaga ile ya pili kabla mtu hajafa. Zulia la upande wake lilitoboka mara nne. Wanafunzi walimwita Breki, ila nyuma ya mgongo wake, mahali ambapo hakuwa na mazoea ya kuangalia, kwa kuwa kuangalia nyuma ilikuwa kazi ya mwanafunzi.

Walipomuaga walimpa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu asiye na pa kuwahi. Mkuu wa shule, ambaye ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la matairi, chenye ubao wa vigari vya plastiki, alisoma hotuba ya kurasa tatu akisema Mwalimu ameacha pengo lisilozibika. Jumatatu pengo likazibwa na mpwa wa mkuu wa shule. Mwalimu naye akaitundika saa yake sebuleni, akairekebisha isipinde, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama, na ilipofika saa nne asubuhi akawa hana cha kufanya mpaka kifo.

Ndipo alipomgeukia mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Hata Mwalimu alimwita hivyo. Alishonea chumba cha mbele, kwenye cherehani ya kukanyaga iliyotazama dirisha, na miaka yote hiyo alikuwa na chumba chake, redio yake na kimya chake kuanzia saa mbili hadi saa kumi na moja. Sasa akaongezewa mume. Mwalimu alivuta kiti akakaa ubavuni mwa cherehani, mikono magotini, macho mbele.

"Punguza mwendo, unaingia kona," alisema, Fundi akiwa kwenye kola ya shati.

Fundi aliendelea kushona.

"Mikono yote miwili."

"Mwalimu, hili ni shati."

"Ajali nyingi hutokea karibu na nyumbani."

Wiki ya pili alihamia jikoni. Wiki ya nne alichora mishale kwa chaki kwenye ukumbi, kuonyesha upande wa kupita mtu aliyebeba maji ya moto na upande wa kupita asiyebeba. Jirani aliyekuja kuchukua sketi yake alirudishwa mlangoni aingie upya kwa kufuata mshale. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejaa tu, kama ndoo iliyowekwa chini ya bomba na mtu akasahau kufunga. Usiku alilala vizuri. Mchana ndio uliomshinda. Alikaa, akasimama, akafungua jokofu, akalifunga, akaenda dirishani kuwapa alama madereva wa watu.

Wiki ya sita Fundi alitoa juu ya kabati begi la kahawia lenye mikanda, akaanza kukunja nguo. Hakuwa na hasira. Alikunja kama anavyokunja kazi za wateja, mshono kwa mshono.

"Unakwenda wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kwa Dada."

Dada alikuwa dada yake mkubwa, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vitatu na mtu mmoja.

"Kwa siku ngapi?"

"Zilizobaki," alisema Fundi, akachukua seti ya vikombe vya kioo aliyokuwa amemnunulia dada yake, akaifunga ndani ya taulo.

Mguu wa Mwalimu ukakanyaga. Hakuna kilichosimama.

Ndipo akalikumbuka trela. Lilikuwa uani, limefunikwa turubai, miezi miwili sasa. Alikuwa amelinunua kwa daktari wa meno wa mtaa wa pili, likiwa limefungwa nyuma ya gari kuukuu la daktari huyohuyo, viwili kwa mpigo, kwa sababu tangu walipooana alikuwa akimwahidi mkewe kwamba siku moja, akipata nafasi, watazunguka wawili tu, wapike nje, walale wanapotaka. Nafasi ilipopatikana, akaitumia kuchora mishale.

"Nipe wiki moja," alisema. "Twende kambini, kule bwawani. Wiki moja tu, Fundi."

Fundi alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa sheria zako," alisema.

"Sheria zipi?"

"Za mtihani. Makosa matatu, mtu kaanguka. Ukinifundisha kitu mara tatu, chochote, mimi napanda basi. La kwenda kwa Dada linapita langoni pa kambi kila siku saa kumi kamili. Nimeshauliza."

"Kufundisha maana yake nini hasa?"

"Unajua. Na kuninyang'anya ninachoshika, nako kunahesabiwa."

Mwalimu alitaka kuuliza kama kuna nafasi ya rufaa. Akakubali.

Fundi alizijua sheria zile kwa sababu zilishampitia. Walipokuwa wapya katika ndoa alijiunga na darasa la mumewe, akajifunza wiki tano, na siku ya jaribio la mwisho uani pa shule, wenzake kumi na wawili wamepanga mstari, mkuu wa shule kasimama na kalamu yake, Mwalimu alimwandikia makosa matatu. La kwanza gia. La pili ukingo wa njia. La tatu, hakuangalia kioo. Fundi alishuka, akamrudishia ufunguo, akaenda nyumbani kwa miguu. Hakurudi darasani wala hakulitaja jambo hilo tena. Mwezi uliofuata alinunua cherehani.

Asubuhi ya safari Mwalimu alifungua mlango wa gari, akaketi, akafunga mkanda, akasubiri. Akasubiri kidogo tena. Fundi, amesimama nje na begi lake la kahawia, aliinama dirishani.

"Nani anaendesha?"

Mwalimu alitazama mbele yake. Palikuwa na kisanduku cha kuwekea karatasi, hapakuwa na usukani. Ukweli ambao hajapata kumwambia mtu ni kwamba alikuwa hajaendesha gari tangu enzi za kanda za kaseti. Asubuhi mwanafunzi wa kwanza alimfuata nyumbani, jioni wa mwisho alimrudisha. Lilikuwa somo la kumi na moja, Kumpeleka Mtu Mzima Salama, na alilibuni mwenyewe. Alishuka, akazunguka gari kwa hatua za mtu anayekagua matairi, akaingia upande wa pili.

Kwenda mbele kulikuwa rahisi. Trela lilifuata kwa adabu, na Mwalimu alikwenda kwa mwendo wa maiti na familia yake, magari yakiwa yamejipanga nyuma yao. Walipokaribia mchepuko, Fundi alifungua chupa ya maji.

"Funga kwanza kifuniko, kuna kona," alisema Mwalimu.

Fundi alikunywa, akafunga, akainua kidole kimoja. Mwalimu aliuma ulimi, na akaendelea kuuuma kwa kilomita ishirini.

Kambi ilikuwa uwanja mpana wa nyasi ulioteremkia bwawa, umegawanywa kwa mawe yaliyopakwa chokaa, kila kiwanja na namba yake na bomba lake. Humo walikaa watu walioacha nyumba zenye choo cha ndani ili waje wapange foleni ya choo kwa hiari yao. Wote walionekana wamepumzika mpaka wamechoka.

Langoni alitoka mtu wa miaka hamsini hivi, kizibao cha kung'aa kifuani, filimbi shingoni. Alichungulia ndani ya gari, kisha uso ukamfunguka.

"Mwalimu. Hunikumbuki?"

Mwalimu hakuwa akikumbuka watu kwa sura wala jina. Aliwakumbuka kwa makosa.

"Klachi," alisema. "Klachi na nguzo ya taa."

"Ndiye mimi. Mara Saba. Wananiita hivyo mpaka leo. Ulinifelisha mara saba, ya nane nikafaulu kwa mwalimu mwingine." Alisema bila kinyongo chochote, jambo lililomtia Mwalimu wasiwasi zaidi. "Shikamoo, Mama. Kambi yote hii iko chini yangu. Kiwanja chenu ni namba tisa, kile pale karibu na maji. Mnaingia kinyumenyume. Niwaingizie?"

"Nimefundisha kurudi nyuma watu elfu nne," alisema Mwalimu.

"Na trela?"

"Gari ni gari."

Mara Saba alisogea pembeni kwa heshima zote, akawasha redio yake ndogo, kisha akaizima ili aone vizuri.

Sasa, mtu akirudi nyuma na trela, usukani ukienda huku, mkia wa trela unakwenda kule. Mwalimu alilijua hilo. Alikuwa amelieleza ubaoni kwa vigari vya plastiki mara nyingi kuliko alivyosali. Tatizo halikuwa kichwani. Kwa miaka thelathini na mmoja mikono yake ilikuwa ikiugusa usukani kwa namna moja tu, mkono mmoja, kutoka pembeni, wakati wa hatari, kuunyakua kwa mwanafunzi. Sasa kila trela lilipoanza kupinda, mkono mmoja ulishtuka na kuunyakua usukani kutoka kwa mwenzake. Mkono ulionyang'anywa ukanuna. Trela likakunja shingo, likaegemea gari ubavuni.

Jaribio la pili liliishia kiwanja namba nane. La tatu namba kumi. La nne lilianza vizuri kiasi kwamba Mwalimu alianza kupanga maneno ya unyenyekevu, kisha mkono ukanyakua.

Watu walianza kugeuza viti vyao. Bwawa walishaliona, hili lilikuwa jipya. Na kwa kuwa karibu mji mzima ulijifunza udereva kwa mtu mmoja, nusu ya viti vile vilikaliwa na wanafunzi wake.

"Taratibu, hakuna anayetufukuza," sauti ya mwanamke ilisema kutoka chini ya turubai la bluu.

"Macho mbali, mikono laini," akaitikia mwingine.

Yalikuwa maneno ya Mwalimu mwenyewe, na lafudhi yake mwenyewe, yamehifadhiwa vizuri.

Fundi alisimama nyuma ya trela na kitambaa chekundu mkononi ili amwonyeshe njia. Jaribio la tano Mwalimu alimpoteza. Alitoa kichwa dirishani, na kabla ulimi haujafika kwenye meno neno lilikuwa limeshatoka:

"Simama ninapokuona kwenye kioo."

Kitambaa kilishuka. Fundi alisogea hatua moja kando, taratibu, akainua mkono. Vidole viwili. Mwalimu aliviona sawasawa kabisa, kwenye kioo.

"Hiyo ilikuwa ya sita, Mwalimu," Mara Saba alisema walipomaliza jingine. "Usijali. Mimi nilifika saba."

La saba lilipanda jiwe la chokaa na kubaki juu yake, gurudumu moja hewani. Mwalimu alizima injini. Shati lilikuwa limeshikana na mgongo, na mikono yake ililala magotini, yote miwili, kwa mara ya kwanza ikikubaliana. Ilikuwa saa nane na nusu. Alihesabu: kosa moja limebaki, na saa moja na nusu mpaka basi. Begi la kahawia lilikuwa kiti cha nyuma, limekaa wima kama abiria.

"Mama," Mara Saba alisema, "ingia wewe."

"Sina leseni, baba."

"Hapa ni nyasi. Nyasi haziulizi leseni."

Fundi alimtazama mumewe. Mwalimu alifungua mlango, akashuka, akazunguka, akakaa mahali pake pa siku zote. Kwa sekunde moja, Mungu amsamehe, alijisikia yuko nyumbani.

Mara Saba aliegemea dirisha. "Unafanya kazi gani, Mama?"

"Nashona."

"Cherehani inavuta kitambaa, au wewe unakisukuma?"

"Inavuta yenyewe. Mimi naelekeza tu. Ukilazimisha, sindano inakatika."

"Basi nimemaliza. Shika usukani huku chini kabisa, mkono mmoja. Unataka mkia wa trela uende upande huu, mkono uende upande huu. Kidogo. Likianza kutii, rudisha, ulifuate."

Mwalimu alikaa kimya. Isidhaniwe kimya kile kilikuwa kitu kidogo. Kulikuwa na kiti cha kusogezwa mbele, mkanda uliojikunja begani, gia iliyoingizwa kwa mlio, na kila kimoja kilimpanda kooni na kurudishwa chini kama mtu anayemeza vidonge bila maji. Alitazama mbele. Alihesabu wadudu waliokufa kwenye kioo. Chini, mguu wake ulikanyaga, ukakanyaga, ukakanyaga, na gari likaendelea kurudi nyuma kana kwamba yeye hayupo.

Mara ya kwanza Fundi alipita kidogo. Akasogea mbele, akanyoosha, akarudi tena polepole, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama anapopita kwenye pindo la hariri. Trela likaingia kati ya mistari miwili ya mawe, likanyooka, likatulia.

Turubai la bluu likapiga makofi. Viti vingine vikafuata. Mara Saba alipuliza filimbi mara moja, fupi, kisha akaitwa kiwanja namba mbili, ambako mtu alikuwa amefungua bomba na kubaki na koki mkononi.

Fundi alishuka akiwa mtu mwingine. Alivuta pumzi, akafunga kitambaa chekundu kichwani, akatoa kiti cha kukunja akakiweka kwenye nyasi, akamwonyesha Mwalimu akae. Kando ya kiti aliweka begi lake la kahawia.

"Lililobaki nafanya mwenyewe," alisema. "Wewe pumzika. Si ndicho tulichokuja kufanya?"

Wakabaki pale, Mwalimu na begi, mizigo miwili inayosubiri usafiri.

Daktari wa meno aliwaachia karatasi yenye maelezo kwa mwandiko wa daktari, yaani hawakuwa na maelezo. Lakini Fundi, aliposimama na kitambaa, alikuwa ameyatazama matrela ya majirani yalivyozuiwa. Alitoa kabari mbili za mbao, zile za kuzuia magurudumu yasisogee, akazibeba mpaka kwenye tairi. Hapo mwanamke wa turubai la bluu akaja kumshika mkono.

"Hongera, mama. Sisi tulilala siku mbili njiani, nje ya kiwanja, tukishindwa kuingia. Mume wangu alikuwa analia."

"Alikuwa na mzio," alisema mume kutoka mbali.

Fundi alicheka, akaweka kabari kwenye nyasi ili apokee mkono kwa mikono miwili. Wakaongea. Mwanamke akaondoka. Fundi akageuka, akaenda moja kwa moja mbele ya trela, kwenye kile kichwa kilichofungwa nyuma ya gari, akaanza kuteremsha kigurudumu cha mbele kwa kuzungusha mpini.

Kabari zilibaki kwenye nyasi.

Mwalimu aliziona. Akalitazama tairi, lililokaa huru kama siku lilipozaliwa. Akatazama mteremko, hatua kumi na tano za nyasi laini, kisha maji. Trela lilikuwa na breki yake ya mkono, lakini daktari wa meno alikuwa amesema, akipokea mkono wa kwaheri, kwamba ile ni ya pambo.

Weka kabari. Maneno mawili. Yalimjaa mdomoni mpaka mashavu yakatuna. Lakini yangekuwa kosa la tatu, na saa ya mkononi ilisema saa tisa na dakika kumi. Angeweza kuinuka aziweke mwenyewe; ila Fundi alikuwa ameshasema kazi ni yake, na kunyang'anya kunahesabiwa. Alifikiria kuuliza kwa njia ya swali. Swali si fundisho. Je, kabari kwa kawaida hupenda kukaa wapi? Alikuwa amefelisha watu kwa ujanja mdogo kuliko huo.

Akakohoa.

Fundi aliinua kichwa. "Kikohozi hicho kina maana?"

"Vumbi."

"Kwenye nyasi?"

"Limetoka nyumbani."

Fundi alirudi kwenye mpini. Kichwa cha trela kilipanda kidole kwa kidole, kikaachana na gari kwa sauti ndogo, kama mtu anayefungua pochi. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha trela likaanza kuondoka.

Liliondoka kwa heshima, kama mgeni asiyetaka kuaga watu wote. Fundi alishika mpini, mpini ukamponyoka. Mguu wa Mwalimu ulikanyaga nyasi kwa nguvu zote za miaka thelathini na mmoja, ukachimba shimo, na trela halikuwa na habari. Hapo Mwalimu, mdomo umefungwa kwa meno, akainuka, akanyakua kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono wake, kwa mkono mmoja, kutoka pembeni, akakitupa chini ya gurudumu.

Lilikuwa begi.

Gurudumu lilipanda juu ya begi nusu. Ndani yake vikombe vya Dada vilivunjika, kimoja baada ya kingine, bila haraka, vyote sita. Trela likayumba, likafikiri, likasimama. Mwalimu alikimbia, akachukua kabari na kuzisukuma nyuma ya tairi kwa teke, moja, mbili.

Uwanja mzima ulikuwa kimya. Hata bomba la namba mbili.

Fundi alikuja taratibu, akasimama, akalitazama begi lake lililolaliwa na nyumba.

"Uliziona zile kabari?" aliuliza.

"Niliziona."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoziweka chini."

"Na ukanyamaza."

"Ingekuwa ya tatu."

Fundi aliyatazama maji, kisha trela, kisha mumewe, aliyekuwa anahema na majani kwenye kiatu. "Ungeacha nyumba izame?"

"Nyumba ikizama ina mahali pa kufunga kamba, tuivute," alisema Mwalimu. "Wewe huna."

Mara Saba alifika mbio, maji yanamtiririka kwenye kizibao. "Nani kasahau kabari?"

"Mimi," alisema Fundi.

Mwalimu aligeuka. Katika kazi yake yote alikuwa hajawahi kusikia mtu akijibu swali hilo kwa neno moja.

Mara Saba alichungulia chini ya tairi. "Begi halitoki hivi. Mnafunga tena trela kwenye gari, mnasogea mbele nusu mita, kisha mnalitoa. Nani analihitaji leo?"

"Mimi," alisema Fundi tena, na hakusema kwa nini.

Wakafunga. Mara Saba alishika kichwa cha trela, Fundi akarudisha gari polepole mpaka likakutana nacho, na kufika saa kumi kasoro dakika tano kazi ilikuwa imekamilika. Fundi alikaa kwenye usukani, Mwalimu pembeni. Mbele yao, juu kabisa ya uwanja, lilionekana lango na kipande cha barabara. Mwalimu alitazama lango. Akaitazama saa yake. Akaitazama tena, kana kwamba ingeweza kushawishika.

"Siku ile uani," alisema. "Kioo."

"Kioo kimefanya nini?"

"Uliangalia."

Fundi hakushtuka. Alikuwa amefungua kitambaa chekundu kichwani, anafuta nacho usukani. "Najua. Macho yalikuwa yangu."

"Mkuu wa shule alikuwa amesimama pale. Na wenzako wote. Walishaanza kusema nitakubeba."

"Ukaniangusha wasikuseme."

"Ndiyo."

"Nikashona miaka ishirini na sita."

"Ndiyo."

Mwalimu alisubiri. Aliwahi kukaa karibu na watu waliopita taa nyekundu, karibu na mtu aliyefumba macho kwenye daraja, na roho haijawahi kumpanda juu namna hii. "Hilo nalo ni la tatu?" aliuliza. "Wewe ndiye mtahini."

Fundi aliwasha gari.

Langoni honi ililia. Basi la kwa Dada lilisimama, jeupe, na kondakta akaruka chini, akachungulia uwanjani kama kuna mtu. Mwalimu alilitazama basi lile mpaka macho yakamwasha. Fundi hakulitazama. Alikuwa ameinua macho kwenye kioo cha kati, kisha cha pembeni, ambako zilionekana nyasi, tairi, na mkanda mmoja wa begi la kahawia ukichungulia chini yake. Akabaki hapo. Hakuna mtahini duniani anayedai mtu aangalie kioo muda mrefu namna ile. Kondakta alipiga bati la basi kwa kiganja, mara mbili. Fundi aliangalia kioo. Basi likakohoa moshi, likasogea, likapita mwisho wa ua, likaisha.

"Nimeangalia," alisema Fundi.

"Nimeona," alisema Mwalimu.

Fundi aliingiza gia, bila mlio safari hii, na gari likaenda mbele nusu mita. Nyuma yao tairi lilishuka kutoka juu ya begi kwa mchakacho wa vioo. Chini, kwenye zulia jipya la daktari wa meno, mguu wa kulia wa Mwalimu ulikanyaga mpaka mwisho.

"Imebaki moja, na siku sita," alisema Fundi, macho yake bado nje, akivuta breki ya mkono. "Na huo mguu, kuanzia kesho nao utahesabiwa."